Afadhali Akaamie Ndege

Jumatatu, 30 Machi 1998

Daftari hili nilimnunulia Fausta. Leo mwalimu kamrudishia, kasema halina kazi, basi nalichukua mimi. Karatasi safi siwezi kutupa, mimi ambaye nimefungia watu maandazi kwa magazeti.

Fausta ni mtoto wa marehemu dada yangu Theresia. Ana miaka kumi na minne na yuko darasa la tatu, kakaa dawati la mwisho kati ya vitoto kama mgomba kwenye bustani ya mchicha. Hasomi. Siyo mvivu, siyo kiziwi, siyo mtoro. Anapika, anauza dagaa wangu vizuri kuliko mimi, njia akipita mara moja haisahau. Lakini herufi kwake ni panzi. Akitaka kuikamata, imesharuka.

Leo Mwalimu Fridolin alituita, mimi na baba yake Fausta, shemeji yangu Polycarp. Nikavaa gauni la kanisani. Mwalimu anaongea vizuri sana, kama taarifa ya habari.

"Ndugu zangu, tusidanganyane. Mtoto huyu nimekaa naye miaka. Anawabania wenzake dawati tu. Msimu wenyewe huu wa mpunga, afadhali akaamie ndege."

Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Watoto wakacheka. Fausta naye akacheka. Hicho ndicho kilichoniuma, kwamba na yeye alicheka.

Nikamwuliza, "Na akirudi Julai anasoma?"

"Dada, akirudi Julai anasoma, dawati la mbele ni lake."

"Na kama hasomi?"

"Basi nafasi apewe mwingine."

Njiani Polycarp akasukuma baiskeli yake hadi sokoni, ndipo akasema kuna binamu yake Kiberege ana kilabu cha pombe, anatafuta msichana wa kuchota maji na kuosha vikombe. Nikamwambia, shemeji, huyo binamu yako anatafuta msichana, maji ni kisingizio. Akasema, "Sasa nimpeleke wapi, Pasi? Shule yenyewe umeisikia."

"Tusubiri Julai," nikasema.

"Haya. Julai."

2 Aprili

Tumehamia shambani, bondeni upande wa Idete. Polycarp alikuwa anatafuta mtu wa kulinda mpunga wake. Nikajitolea, maana biashara imekufa. Mvua hii ya Elinino imekata barabara, mzigo hauji. Mimi Paskazia nauza kila kitu, maandazi, mitumba, betri, hata mwavuli mmoja nimewahi kuuuza mara mbili, mteja wa kwanza aliusahau. Lakini bila gari la mzigo mimi ni mwanamke tu mwenye mdomo.

Tunalala kwenye dungu. Ni kitanda cha miti juu ya miguu mirefu, kina paa la nyasi, unakaa juu unaona mpunga wote. Kutoka hapo zinatoka kamba, kila moja inakwenda kwenye mti wake shambani, na kwenye mti kuna kopo lenye mawe. Ndege wakitua, unavuta. Kazi ndiyo hiyo toka alfajiri hadi jua linazama. Kuamia ndege. Kazi ya watu wasio na akili, kwa mujibu wa Mwalimu Fridolin.

3 Aprili

Mvua.

4 Aprili

Mvua. Jirani yetu ni Bibi Margareta, dungu lake liko pale penye mwinuko, ukipiga kelele mnasikizana. Leo tumesalimiana kwa kelele. "Shikamoo bibi!" "Marahabaa! Mmeleta chumvi?" Nimeleta. Nishapata mteja.

7 Aprili

Nimeanza kufundisha. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, lakini kusoma najua, mradi mtu asinisimamie.

Nikaandika a e i o u. Fausta akaziimba zote vizuri, macho yakiwa kwenye mpunga. Nikafunika nne nikaonyesha moja. Akasema "o." Ilikuwa i. Nikaonyesha tena. Akasema "a." Nikamwambia, Fausta, hii i ni mwanamke mwembamba amebeba embe kichwani, utamfananishaje na o? Akacheka sana. Nikamwonyesha tena. Akasema "o."

8 Aprili

o.

9 Aprili

Leo nimeona kitu.

Ndege walikuja kwa wingi, wale wadogo wanaokuja kama moshi. Nikavuta kamba, likalia kopo la upande mwingine kabisa, ndege wakaendelea kula wakiniangalia. Fausta alikuwa anamenya muhogo. Wala hakuinua uso. Akanyoosha mkono nyuma, akashika kamba moja kati ya zile zote, akavuta, kopo likalia katikati yao.

"Umejuaje ni hiyo?"

"Si ya pale penye kichuguu, mamdogo."

"Na hii?"

"Ya mfereji."

"Hii?"

"Ya kona ya Bibi. Ina kopo bovu, inakohoa."

Nikamwonyesha zote, akazijua zote. Huyu ndiye mtoto ambaye hashiki kitu kichwani. Nimelala kidogo mchana nikaota nampiga mwalimu na kopo.

11 Aprili

Nimekwenda mjini na gunia la makopo mgongoni. Pale karibu na sokoni yuko Kelestini, anayeandika majina kwenye madigadi ya baiskeli. Nikamwaga makopo na vipande vya debe mbele yake.

"Niandikie ma."

"Ma nini?"

"Ma tu."

"Dada Pasi, jina la mtu haliwi Ma tu."

"Andika ma. Hili ka. Hili la, ta, ku, ni, ba, da. Herufi ndogo, kama za kitabu, lakini kubwa."

"Ndogo lakini kubwa." Akaniangalia. "Umekunywa?"

"Bado. Andika."

Akaandika, tena kwa rangi nyekundu, na kila herufi kaipigia kivuli cheusi kama anavyofanya kwenye baiskeli za vijana. Nimempa dagaa. Watu wakauliza ni dawa ya nini. Nikasema ya mwalimu.

12 Aprili, Pasaka

Wali na kambale. Bwana kafufuka, na mimi mgongo unauma.

15 Aprili

Makopo yako shambani, maandishi yanaonekana kutoka dunguni. Kila kamba na silabi yake. Sheria ni moja, ukivuta unataja, tena kwa sauti ya kufukuza ndege. Fausta kashika yote kwa siku mbili. Siku mbili!

Nikamwambia sasa vuta kamba mbili, tengeneza neno. Na mwambie dunia.

Sasa hapo nilikosea kwa kupanga. Kopo la "ku" na kopo la "ma" nilikuwa nimeyaweka jirani. Mtoto akavuta la kwanza akapiga kelele, akavuta la pili akapiga kelele, kwa sauti nzuri safi, bonde zima likasikia. Halafu akarudia, maana nilimwambia arudie.

Kimya. Hata ndege walinyamaza. Kisha kutoka kwenye mwinuko:

"Pasi! Unamfundisha nini mtoto wa watu?"

"Silabi, bibi!"

"Silabi za wapi hizo? Kwaresima imeisha juzi tu!"

Fausta alikuwa amejishika mdomo, machozi yanamtoka kwa kucheka. Nimeshuka na matope yote nikahamisha kopo la "ku" mpaka mferejini. Lakini nilivyokuwa narudi nikawaza. Kacheka kabla ya Bibi kupiga kelele. Kaunganisha mwenyewe.

18 Aprili

Ka-ta. Ta-ka. Ma-ma. Ku-ni. Ka-ma.

19 Aprili

Mvua.

22 Aprili

Fausta katunga. Mimi nilikuwa nakoroga uji, nikasikia kamba nne mfululizo. "Ni! Ta! Ku! La!" Anawaambia ndege. Nitakula! Nikacheka mpaka mwiko ukaniponyoka. Bibi Margareta akajibu kutoka kwake, "Uwale kweli, wamenimaliza!" Sasa kila wakija wanaambiwa hivyo. Shamba letu ndilo la kwanza bondeni ndege kutishiwa kwa maandishi.

26 Aprili

Polycarp kaleta unga. Alikaa chini ya dungu akisikiliza, hakupanda. Nikamwambia, shemeji, panda uone mwanao. Akasema matope, baiskeli, jua. Kila neno lake ni sababu ya kuondoka. Nikamwambia ukipita Kiberege wasalimie. Hakucheka. Yule mtu naona keshamtoa mwanae moyoni, anasubiri tarehe tu.

30 Aprili

Mvua. Mto umeongeza sauti.

4 Mei

Tumeamka maji yako chini ya dungu. Nimeona kambale anapita chini ya kitanda changu kama mpangaji. Nikamwambia Fausta, kodi tudai kwa nani? Lakini roho ilikuwa mkononi. Mpunga umebaki vichwa tu. Makopo mengine yanaelea, kamba zimelala.

Saa nne Polycarp katokea na mtumbwi wa kuazima. Kambeba Fausta mgongoni kama mtoto mchanga, na miguu yake mirefu ile ikiburuza majini. Katupeleka kwa Bibi Margareta kwenye mwinuko, kisha kageuza mtumbwi.

"Unakwenda wapi?"

"Ndege hawaogopi mafuriko," kasema.

5 Mei

Maji. Kutoka kwa Bibi tunamwona Polycarp katikati ya shamba, maji kifuani, anatembea na kamba menoni. Bibi anamwombea na kumtukana kwa pumzi moja. "Mama Maria mlinde mjinga huyu." Fausta hajala.

6 Mei

Bado yuko majini. Kila mti kausimamisha upya. Nilisema nini kuhusu mtu huyu tarehe 26? Nimeenda kusoma. Sifuti, maana wino haufutiki, lakini naandika hapa kwamba nilikosea.

8 Mei

Maji yameshuka, mpunga umesimama kwa sehemu kubwa. Polycarp kaondoka na homa, kaacha kamba zote zimefungwa na makopo yote yameokotwa. Nilipanda dunguni kama malkia.

"Haya mwalimu Fausta, tuanze. Vuta ma."

Akavuta, akapiga kelele "Ma!" Nikaangalia shambani. Kopo lililolia limeandikwa "ta."

"Ma, Fausta."

"Si ndiyo hiyo. Ya kichuguu."

Nikamwambia vuta ka. Akavuta, "Ka!" Kopo limeandikwa "ni." La? Likalia "ku." Polycarp wa watu kaokota makopo majini akafunga popote mkono ulipofika, angejuaje. Makopo yote yamebadili nyumba. Na Fausta alikuwa anaita kila moja kwa jina la nyumba, siyo la mwenye nyumba.

Mwezi mzima hakusoma hata herufi moja. Amekariri shamba.

Sasa niandike nilichosema, maana daftari lisilo na aibu ni tangazo la biashara. Nilisema, "Kumbe kweli mwalimu alikuona." Nilisema hivyo. Fausta hakulia. Aliniangalia, akashuka ngazi, akaingia mpunguni mpaka nikamwona kichwa tu, halafu hata kichwa sikukiona.

Nilikaa. Ndege wakaja, sikuvuta. Bibi akapiga kelele, "Pasi! Wanakula!" Nikajibu waache wale.

Amerudi jua limeinama. Miguu matope mpaka magotini. Akasimama chini ya dungu, hakupanda, akasema akiangalia juu, "Mamdogo, ulisema nivute. Hukusema niangalie."

Nikarudia kichwani mara mbili. Hukusema niangalie. Kweli, sikusema. Nilipanga kamba, nikapanga makopo, nikalipa dagaa kwa vivuli vyeusi vya Kelestini, na siku zote hizo sikuwahi hata mara moja kumwambia mtoto atazame lile dude lililoandikwa. Angetazama kwa nini? Mkono ulikuwa unajua.

"Panda," nikasema. "Samahani. Mwalimu hakukuona. Hata mimi sikukuona."

"Nimepita kwenye makopo yote," akasema. "Ile ya kichuguu sasa ina msalaba."

"Msalaba?"

"Ya kwanza yake. Kama msalaba umepinda mguu."

t. Alikuwa anasema t. Peke yake, mpunguni, na hasira zake, alikwenda kuyatazama moja moja.

9 Mei

Sheria mpya. Kila asubuhi kabla ndege hawajaamka nahamisha makopo. Popote. Fausta haruhusiwi kuchungulia. Anaangalia kwanza, anataja, ndipo anavuta. Asubuhi nzima kapata moja. Kanuna, kasema nimemwibia shamba lake. Nikamwambia ndiyo, na kesho naiba tena.

10 Mei

Mbili.

11 Mei

Moja. Mvua.

13 Mei

Bibi Margareta kauliza kwa nini kila siku nazunguka na makopo kama mchawi. Nikamweleza. Kafikiri, kasema, "Mwalimu wangu wa dini alikuwa haniulizi tukiwa kanisani. Alikuwa ananiuliza sokoni. Huko ndiko nilikuwa sijui kitu." Halafu kaomba chumvi.

17 Mei

"Ma" kaijua ikiwa mferejini. "Ta" kaijua ikiwa kona ya Bibi. "Nitakula" imerudi, pole pole, kila kopo linatazamwa kama mtu anayedaiwa. Ndege wanashiba kabla sentensi haijaisha. Polycarp kaja, homa imepona. Nikamwambia hasara ya ndege leo ni ya elimu. Akasema, "Wacha wale kidogo." Na safari hii kapanda dunguni.

23 Mei

Zimebaki mbili. "ba" na "da". Hizo zimenishinda. Anasoma baba kama dada, dada kama baba, na mara moja kasoma "bada," akaniuliza ni nani. Nimemweleza, b ina tumbo huku, d ina tumbo huku. Huku wapi? Huku kulia. Kulia ni wapi? Mkono wa kulia chakula. Akanyoosha wa kushoto, maana Fausta anakula kwa kushoto, mama yake alishindwa kumwachisha.

Mimi mwenyewe nilikaa nikizitazama mpaka nikaanza kuzichanganya.

27 Mei

Siku nzima ba, da, ba, da. Bibi kauliza kama tunaumwa.

29 Mei

Leo Fausta kalitatua, mimi nimeandika tu.

Dungu letu limeangalia kunakotoka jua. Mkono wa kulia uko mto, mkono wa kushoto iko milima. Fausta alikuwa anatazama yale makopo mawili, halafu akasema, "Huyu anakwenda kuvua, huyu anakwenda kukata kuni."

"Nani?"

"Huyu tumbo lake linaangalia mtoni. Anakwenda kuvua. Ni nani?"

"Huyo ni ba," nikasema.

"Na huyu kaangalia milimani. Anakwenda kuni."

"Da."

"Basi," akasema, kama mtu aliyeulizwa njia. Nikayahamisha yote mawili. Akapata. Nikayahamisha tena. Akapata. Nikaandika kwenye daftari, b, d, d, b, b, akasoma akiwa amekaa vile vile ameangalia jua linakotoka. Mvuvi, kuni, kuni, mvuvi, mvuvi. Nilimkumbatia tukakaribia kuanguka dunguni wote wawili.

6 Juni

Tumeanza kuvuna. Kelestini kaniletea kitabu cha darasa la pili, cha mdogo wake. Kina herufi ambazo hatuna makopo yake. Tumeongeza makopo. Hata sufuria bovu la Bibi limeandikwa "we".

14 Juni

Fausta kasoma mistari miwili kabla ya jua kuwa kali. Mimi najua watu wanaosoma kurasa mbili kwa muda huo. Hawajui kuvuna.

20 Juni

Binamu wa Kiberege katokea, na baiskeli na kandambili mpya za Fausta, eti zawadi. Kilabu kina wateja wengi msimu wa mavuno, hawezi kusubiri Julai. Nikavuta pumzi niseme maneno yangu yote, lakini Polycarp alikuwa karibu zaidi.

"Tulisema Julai," kasema.

"Ndugu yangu, mtoto mwenyewe si unajua yukoje."

Polycarp akaendelea kupiga mpunga. "Najua yukoje. Anasoma. Rudi na kandambili zako."

Nilikuwa nimeshaandaa matusi mazuri sana. Yameoza tumboni.

28 Juni

Mpunga uko magunia. Makopo tumeyafungua. Fausta kauliza kama tunaweza kwenda nayo shuleni. Nikamwambia mwalimu hana shamba.

"Sasa nitajuaje?"

"Utaangalia."

Jumatatu, 6 Julai

Nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yetu mjini, naandikia gotini, mwandiko usomeke hivyo hivyo.

Tulifika wote watatu. Mwalimu Fridolin alitabasamu. "Karibuni. Ndege wameisha?"

"Wameisha, mwalimu," nikasema. "Tumewasomea wakaondoka."

Akaweka sharti. Mimi na Polycarp tusimame mlangoni, na nikifungua mdomo mtihani umekwisha. Mimi! Nikaweka kanga mdomoni nikaiuma. Fausta akakalishwa dawati la mbele, uso kwenye ubao, darasa zima nyuma yake. Mwalimu akapekua kitabu. Hakufungua popote tu, nilimwona akitafuta. Akamwekea kidole.

Mlango uko mbele karibu na dawati lake, na maandishi ni makubwa, nikayaona. Dada amebeba debe. Mungu wangu. Yule mtu anamjua Fausta udhaifu wake wote, ila hajawahi kuutumia kumsaidia.

Fausta akaangalia. Midomo ikacheza. Akaangalia tena. Kidole kikaenda kwenye d, kikasimama, mkono ukaanza kuvuta kitu hewani, ukaacha. Mtoto mmoja akacheka, wakacheka wote. Safari hii Fausta hakucheka.

Nami ndipo nikaona tatizo, na kanga iko mdomoni. Ubao wa darasa lile uko upande jua linakozama. Mtoto alikuwa amekalishwa kinyume. Mto wake ulikuwa upande wa milima na milima upande wa mto. Mvuvi anakwenda kuni. Nilitaka kupiga kelele. Polycarp alinishika mkono.

"Basi, Fausta," mwalimu akasema kwa upole kabisa. "Umejitahidi."

Fausta akasimama. Nikadhani anatoka. Akachukua kitabu, akazunguka dawati, akakaa juu ya meza yake ameangalia wenzake na kunakotoka jua. Ubao nyuma yake. Mwalimu nyuma yake.

"Fausta! Unanipa mgongo mimi?"

"Mto uko huku, mwalimu."

"Mto? Mto gani?"

Kidole kilikuwa kimeshashuka. "Da," akasema, na mkono ukavuta. "Da." Sauti ilikuwa ya dunguni, ya kufukuza ndege, wale wa mbele wakarudi nyuma. "Dada."

Mwalimu akachukua fimbo mezani. Polycarp, mtu ambaye nimemjua miaka yote hajawahi kumjibu hata karani wa soko, akasema kutoka mlangoni, "Mwalimu. Mwache asome."

"A. Me. Be. Ba." Kila moja kaivuta. "Amebeba." Akapumzika. Akaangalia dirishani upande wa mto, akaangalia kitabu. "De. Be. Debe." Akainua uso. "Dada amebeba debe."

Akaingia mstari wa pili. Mwalimu alikuwa anamwona kisogo tu, na nadhani hakuamini, alifikiri nampa ishara. Akalazimika kuzunguka. Akapita katikati ya madawati, akawavuka vitoto, akaenda kusimama mwisho kabisa wa darasa, pale alipokuwa akikaa Fausta miaka yote, ili amwone mwanafunzi wake usoni. Akaangalia kidole. Akaangalia midomo. Fimbo sijui aliiacha wapi.

Kengele ya mapumziko ikapigwa mstari wa tatu ukiwa katikati. Watoto wakamiminika nje, wengine wakichungulia dirishani. Kutoka nyuma mwalimu akasema, sauti siyo ya taarifa ya habari tena, "Inatosha, Fausta. Nafasi yako ipo. Nenda kacheze."

"Sijamaliza," akasema Fausta.

Akarudisha kidole kwenye neno alipoishia. Basi tukasubiri, mimi, Polycarp, na Mwalimu Fridolin.